Majivu ya Volkano na Ndege wa Taita: Hatari Iko Angani au Ardhini?

Tarehe 23 Novemba 2025, volkano ya Hayli Gubbi katika jimbo la Afar, kaskazini mashariki mwa Ethiopia, ililipuka baada ya kimya kilichodhaniwa kuwa cha maelfu ya miaka. Majivu yalipanda yapata kilomita 14 angani, yakavuka Bahari ya Shamu, yakapita juu ya Yemen na Oman hadi Pakistan na India, ambako safari kadhaa za anga zilifutwa. Habari za namna hiyo zikitangazwa kwa Kiswahili huja na sentensi moja fupi: majivu ya volkano ni hatari kwa ndege.

Sentensi hiyo ni kweli, lakini ni ndege gani wanaosemwa? Kiswahili kina ndege warukao kwa mbawa zao na ndege ziundwazo kwa chuma. Sarufi huwatenganisha kwa neno dogo tu, ndege hawa na ndege hizi, na katika kichwa cha habari neno hilo mara nyingi halipo. Kwa mkazi wa Voi, Mwatate au Taveta, katika kaunti ya Taita Taveta nchini Kenya, tofauti hii ina uzito. Novemba ndio mwezi ambao ndege wahamaji kutoka Ulaya na Asia hushuka Tsavo kwa maelfu, na wengi wao hupitia upande huohuo wa Pembe ya Afrika. Tena vilima vya Taita vina ndege wasiopatikana kokote kwingine duniani. Basi ni haki kuuliza: majivu yanayozima injini ya ndege ya abiria humfanya nini ndege wa gramu 12?

Maoni juu ya swali hili yanapingana, na kila upande una ushahidi wake.

Maneno mawili yanayotupoteza

Neno la kwanza linalochanganya, ndege, tumeshaliona. La pili ni majivu. Katika lugha ya kila siku, majivu ni kile kinachobaki jikoni kuni zikishateketea. Ni laini, ni mepesi, na mvua huyalainisha zaidi. Wafugaji wengi wa kuku huyamwaga kwenye viota ili kuua utitiri na viroboto, na kuku wenyewe hujigaragaza humo kwa raha. Mtu aliyekulia katika desturi hiyo akisikia majivu yamewaangukia ndege, haoni sababu ya kuogopa.

Majivu ya volkano hayakuungua. Ni mwamba na kioo vilivyosagwa na nguvu ya mlipuko kuwa chembe ndogo, za ukubwa usiozidi milimita 2, nyingi zikiwa ndogo kuliko unga wa sembe. Chini ya hadubini, chembe hizo zina ncha na makali kama vigae. Haziyeyuki katika maji, na zikilowa huwa nzito na kugandamana kama saruji. Aghalabu huwa pia zimebeba asidi na chumvi za floraini zilizotoka katika gesi za mlima.

Mkanganyiko wa maneno haya mawili umezaa makosa mawili. Kuna anayewahurumia ndege kwa sababu isiyowahusu, akidhani yatawapata yaliyozipata injini. Kuna naye anayewaona salama kwa sababu isiyo ya kweli, akidhani majivu haya ni yale ya jikoni.

Usuli: jirani na moto, juu ya mwamba wa kale

Taita Taveta ni kaunti ya nchi mbili kwa upande wa miamba. Vilima vya Taita, kuanzia Vuria wenye mita 2,208 hadi Mbololo, pamoja na Sagalla unaouinamia mji wa Voi, si milima ya volkano. Ni sehemu ya kaskazini kabisa ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoshuka hadi Usambara, Uluguru na Udzungwa nchini Tanzania. Miamba yake ina umri wa zaidi ya miaka milioni 500. Udongo mwekundu wa Voi, unaowapaka rangi tembo wa Tsavo, umetokana na chuma kilichomo katika miamba hiyo ya kale, wala hakuna volkano iliyouleta.

Ukitazama magharibi na kaskazini, hadithi inageuka. Taveta iko chini ya Kilimanjaro, volkano iliyolala. Ziwa Chala, mpakani mwa Kenya na Tanzania, limejaa ndani ya kasoko. Yapata kilomita 100 kaskazini magharibi mwa Voi kuna Vilima vya Chyulu, volkano changa zilizotoa lava mara ya mwisho katikati ya karne ya 19. Mto ule wa lava nyeusi ndani ya Tsavo Magharibi unaitwa Shetani, jina linaloeleza hofu ya waliouona ukiwaka. Kando ya Tsavo Mashariki kuna Uwanda wa Yatta, mabaki ya mtiririko wa lava wenye urefu wa karibu kilomita 300, miongoni mwa mirefu zaidi duniani. Na takriban kilomita 300 magharibi mwa Voi, ng'ambo ya mpaka, kuna Ol Doinyo Lengai, ambayo mara ya mwisho ilirusha majivu kwa wingi mwaka 2007 na 2008.

Kwamba majivu yamewahi kufika hapa hakuna ubishi. Mwaka 2016 wanasayansi walitoboa sakafu ya Ziwa Chala na kutoa mashapo yenye kumbukumbu ya zaidi ya miaka 250,000. Ndani ya tope lile, katikati ya tabaka za kawaida, mna tabaka za majivu ya milipuko ya Afrika Mashariki. Kila tabaka ni siku ambayo anga la Taveta lilinyesha mwamba, na katika vipindi hivyo vyote misitu ya Taita ilikuwa na ndege.

Hoja ya kwanza: majivu ni muuaji

Upande huu una ushahidi mzito. Huanza na jinsi ndege anavyovuta pumzi. Mapafu ya ndege hayajazi na kutoa hewa kama yetu. Hewa hupita upande mmoja tu, ikisukumwa na vifuko vya hewa ambavyo kwa ndege wengi ni tisa, hivi kwamba pafu hupata hewa safi mnyama akivuta na akitoa pumzi. Mfumo huo ndio unaomwezesha kuruka juu ya milima bila kuzimia, na ndio unaoipa sumu njia ya haraka. Wachimba makaa wa Uingereza walishuka na ndege wadogo mashimoni hadi miaka ya 1980, kwa sababu ndege alionyesha dalili za gesi mbaya kabla ya binadamu.

Madhara mengine huonekana kwa macho. Majivu hukwaruza mboni za macho. Huharibu mpangilio wa nyuzi za manyoya, na ndege wa majini ambaye manyoya yake hayazuii tena maji hulowa na kupoteza joto. Majivu yaliyolowa huangusha matawi pamoja na viota. Mlima St. Helens wa Marekani ulipolipuka tarehe 18 Mei 1980, majivu yalifunika viota vya shakwe mbali sana na mlima na mayai mengi yakapotea. Katika kisiwa cha Kasatochi huko Alaska, mlipuko wa Agosti 2008 ulizika makoloni ya ndege wa baharini wakati makinda hayajaweza kuruka, na inakadiriwa makinda kati ya 20,000 na 40,000 walikufa.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba vifo hivyo vilionekana na kuhesabiwa. Udhaifu wake ni umbali. Karibu mifano yote mikubwa ni ya ndege waliokuwa miguuni mwa mlima au waliofungwa na kiota. Hoja hii inaeleza vizuri kinachowapata waliomo ndani ya jiko, lakini haitoshi kumweleza ndege wa msitu wa Ngangao, Taita, ambaye moto uko kilomita 100 au 300 kutoka kwake.

Hoja ya pili: mwenye mbawa hakosi njia

Upande wa pili unasema ndege ndiye kiumbe wa mwisho kuhofiwa, kwa kuwa anaweza kuondoka. Kasatochi yenyewe inatoa ushahidi: makinda walizikwa, lakini inaaminika wengi wa ndege wazima waliponyoka. St. Helens nayo haikubaki kimya, maana ndani ya miaka michache ndege wa nyanda wazi walikuwa wakizaliana juu ya vumbi la mlipuko. Isitoshe, kuna ndege wanaohisi yale tusiyoyahisi sisi. Njiwa, kwa mfano, husikia sauti za mtetemo wa chini mno usiosikika na sikio la binadamu, na sauti za jinsi hiyo husafiri mbali kutoka milimani.

Hapa ndipo ndege wa chuma na ndege wa nyama wanapoachana kabisa. Injini ya ndege ya abiria huchoma mafuta kwa joto linalozidi nyuzi 1,400 za Selsiasi. Chembe za majivu huyeyuka humo, kisha zikaganda kama kioo kwenye sehemu zisizo na joto kali na kuziba njia ya hewa. Hayo ndiyo yaliyozima injini zote nne za Boeing 747 ya British Airways karibu na mlima Galunggung, Indonesia, tarehe 24 Juni 1982. Joto la mwili wa ndege hai ni nyuzi 41 hivi. Hakuna kinachoyeyuka kifuani mwake. Wakenya wanaukumbuka mlipuko wa Eyjafjallajökull wa Aprili 2010 nchini Iceland kwa maua na mboga zilizooza Nairobi kwa kukosa ndege za kuzipeleka Ulaya. Kumbukumbu hiyo ni ya hasara za wenye injini, na haituambii lolote juu ya mbayuwayu waliokuwa safarini kurudi Ulaya mwezi uleule.

Kimo pia kinahesabika. Wingu la Hayli Gubbi lilisafiri kwenye tabaka za juu zinazopitiwa na ndege za abiria. Ndege wadogo wanaohama usiku mara nyingi huruka kilomita chache tu kutoka ardhini. Upepo wa juu uliyabeba majivu kuelekea mashariki, wakati wahamaji wa Tsavo hushuka kusini. Njia zilipishana kwa kimo na kwa mwelekeo.

Hata hivyo, hoja ya mbawa ina pengo. Mbawa humsaidia ndege mwenye pa kwenda. Ndege wa nyanda hupata nyanda nyingine. Ndege wa msitu wa mlimani, aliyezoea kivuli na ukungu, hawezi kukata kilomita kadhaa za mashamba na vichaka vikavu kama anayevuka barabara. Na ndege mwenye makinda ana mbawa, lakini mguu wake umefungwa kiotani.

Hoja ya tatu: majivu ni mbolea ya kesho

Wapo wanaoitazama volkano kwa jicho la mkulima. Taveta hulima ndizi na mboga katika udongo na maji yaliyotokana na Kilimanjaro. Chemchemi za Mzima zinazolisha viboko, ndege wa majini na bomba la maji la Mombasa, ni mvua ya Chyulu iliyochujwa na miamba yenye matundu ya volkano. Pasingekuwa na milipuko ya zamani, pale pangekuwa pakavu kama nyika inayopazunguka.

Mfano mkubwa zaidi uko Ziwa Natron, Tanzania, chini ya Ol Doinyo Lengai. Lava na majivu ya mlima huo yana magadi kwa wingi kuliko volkano nyingine yoyote hai duniani, na chumvi za volkano za eneo zima hutiririka ziwani. Magadi hayo huwafukuza wanyama wengi, na papo hapo hustawisha vijimea vya majini ambavyo ni chakula cha heroe wadogo, wale ambao wengi wetu huwaita flamingo. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki karibu wote huzaliwa Natron. Wanyama wawindaji hawawezi kuvuka tope lile linalounguza. Kwa hiyo volkano imempa heroe chakula na ngome kwa pamoja.

Lakini zawadi hiyo ina masharti. Mwaka 1962 mafuriko yalivuruga Natron, heroe wakahamia Ziwa Magadi upande wa Kenya kuzaliana, na huko magadi yaliganda miguuni mwa makinda kama pingu. Maelfu walikufa, na maelfu wengine waliokolewa na watu walioingia matopeni kuvunja pingu hizo kwa mikono. Chumvi iliyomlisha mama ndiyo iliyomfunga mtoto.

Udhaifu wa hoja ya mbolea ni kwamba inachanganya nyakati. Udongo wenye rutuba huhitaji karne nyingi, ilhali ndege anahitaji kula leo kabla ya jua kutua. Kumwambia ndege kwamba vitukuu wake watafaidi hakumshibishi.

Hoja ya nne: Taita ina maadui walio karibu zaidi

Wanaosimamia hoja ya nne wanasema mjadala wa majivu unatupotezea muda. Vilima vya Taita vimepoteza zaidi ya asilimia 90 ya misitu yake ya asili, na hakuna volkano iliyohusika. Yaliyohusika ni mashamba, kuni, mbao, mioto, na miti ya kigeni iliyopandwa mahali pa miti ya asili. Kilichobaki ni vipande vilivyotengana juu ya vilele. Mbololo na Ngangao, vilivyo vikubwa zaidi, kila kimoja hakifiki hekta 250. Chawia haifiki hekta 100, na vingine ni vidogo zaidi.

Humo ndimo wanamoishi ndege watatu wa Taita pekee. Turdus helleri ana kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, na hupekua majani makavu sakafuni mwa msitu akitafuta wadudu na matunda. Apalis fuscigularis ni ndege mdogo sana, huokota wadudu kwenye vichaka vya chini, na yumo katika daraja la juu kabisa la ndege walio hatarini kutoweka. Zosterops silvanus, mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, hutembea makundi kwa makundi juu ya miti akila wadudu na matunda madogo.

Nguvu ya hoja hii ni ukubwa wa ushahidi wake. Shoka limekwisha kufanya kazi ambayo volkano haijaifanya. Udhaifu wake ni kuyaona mambo haya mawili kama mashindano, ambapo ukilihesabu moja unalifuta lingine. Msitu uliokatwa na majivu yanayoanguka si maadui wawili wanaopanga foleni. Mmoja humfungulia mwenzake mlango.

Kupima hoja: fuateni wadudu

Ili kupatanisha hoja hizi inabidi turudi kwenye banda la kuku. Kwa nini majivu huua utitiri? Mwili wa mdudu umepakwa nta nyembamba inayozuia maji yake yasikauke. Chembe za majivu huikwaruza na kuinyonya nta hiyo, mdudu akanyauka. Majivu ya volkano, yenye makali kuliko ya kuni, hufanya kazi hiyohiyo kwa ukali zaidi, nayo huangukia msitu mzima badala ya kiota kimoja. Baada ya St. Helens, nyuki na panzi walikufa kwa wingi katika maeneo yaliyopata vumbi tu, mbali na moto wenyewe.

Dawa ya kuku, basi, ndiyo njaa ya ndege wa msituni. Pigo kubwa kwa ndege aliye mbali na mlima haliko pafuni mwake. Liko katika jani alilozoea kukuta kiwavi, ambalo sasa lina vumbi tupu. Kisiwa cha Montserrat katika Karibi kinalionyesha hili vizuri. Volkano ya Soufrière Hills ilianza kulipuka mwaka 1995 na kuharibu sehemu kubwa ya makazi ya Icterus oberi, ndege asiyepatikana kwingine. Katika msitu uliosalia wima, hesabu za ndege zilishuka baada ya majivu mazito ya 2001 na 2003, kisha zikapanda tena majivu yalipopungua. Mvua iliosha majani, wadudu wakarudi, ndege wakafuata. Lakini walirudi kwa sababu palikuwa na msitu wa kurudia. Wahifadhi waliona hatari ni kubwa kiasi cha kuchukua ndege wachache na kuwazalisha kwenye hifadhi ya Jersey, wawe akiba kisiwa kikishindwa.

Tukilitumia somo hilo kwa Taita, mambo manne yanaamua.

La kwanza ni upepo. Kaskazi na kusi zote zina asili ya mashariki. Katika tabaka za chini husukuma vumbi la Chyulu, Kilimanjaro na Lengai kuelekea magharibi, mbali na Wundanyi na Voi. Hiyo ni ngao kubwa, ingawa pepo za juu hugeuka, na tope la Chala linathibitisha kuwa ngao huvuja.

La pili ni msimu. Mlipuko wa Nabro nchini Eritrea ulitokea Juni 2011, wakati wahamaji wako Ulaya na Asia wakilea. Hayli Gubbi ililipuka Novemba, wakiwa njiani. Huko Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, tangu 1969 ndege wahamaji wamekuwa wakinaswa kwa nyavu, wakavalishwa pete mguuni na kuachiliwa, nao wamefika mamia ya maelfu. Usiku wa ukungu usio na mwezi, taa za hoteli ya huko huwavuta washuke kwa wingi. Ngulia inatufundisha kwamba ndege anayepoteza uoni hutafuta pa kutua. Ukungu humshusha kwenye vichaka vyenye wadudu. Wingu la majivu karibu na ardhi lingemshusha kwenye vichaka visivyo na kitu, naye ana mafuta ya kuruka siku chache tu. Kozi wa Amur, ambaye huvuka Bahari ya Hindi kutoka India na kufika Kenya akifuata mvua na kumbikumbi, angepata shida hiyohiyo.

La tatu ni mahali pa kulia chakula. Anayepekua sakafu, kama Turdus helleri, hukuta majivu yote yaliyooshwa kutoka juu. Anayeokota kwenye vichaka hutegemea wadudu peke yao. Anayekula na matunda ana akiba ya siku mbaya. Kwa hiyo hatari haigawanywi sawa hata ndani ya msitu mmoja.

La nne, na zito kuliko yote, ni ukubwa wa makazi. Tabaka za majivu za Chala zinaonyesha kwamba ndege wa Taita waliyapitia majanga hayo wakaishi. Waliyapitia wakiwa na msitu uliofunika vilima, wenye mabonde yaliyokingwa na upepo na miteremko ambayo vumbi halikuifikia sawasawa. Ndege waliokosa chakula upande mmoja walihamia mwingine. Leo kipande cha hekta 90 kikifunikwa, kimefunikwa chote. Mlipuko uleule, kwa kipimo kilekile cha majivu, ungekuwa msimu mbaya kwa ndege wa kale na unaweza kuwa mwisho kwa ndege wa sasa.

Gharama za kila njia

Tukikubali uchambuzi huo, tunaweka nguvu zetu wapi? Kujiandaa kwa volkano peke yake ni kutumia fedha kidogo tulizo nazo kwa tukio linaloweza kuchukua vizazi vingi kutokea. Kupuuza kabisa ni kucheza kamari na viumbe wasio na akiba kwingine. Kuwalea ndege kizuizini kama Montserrat hutoa bima, lakini ni ghali, huhitaji ujuzi, na ndege wadogo wala wadudu ni wagumu kuwalisha.

Njia iliyo bora ni ile inayolipa hata volkano isipolipuka: kupanua vipande vya msitu na kuviunganisha kwa miti ya asili. Shirika la Nature Kenya limekuwa likifanya kazi hiyo na vikundi vya wenyeji, katika misitu inayosimamiwa na Huduma ya Misitu ya Kenya na ile ya jamii. Nayo ina gharama. Ardhi ya Taita ni haba, familia zinategemea mashamba madogo, na mti wa asili hukua polepole kuliko mkaratusi unaouzwa baada ya miaka michache. Mzigo huo hauwezi kuachiwa mkulima wa Wundanyi peke yake, wakati faida yake, kuanzia maji ya mito hadi ndege wa dunia nzima, inavuka mipaka mingi.

Kwa upande wa nyumbani, siku majivu ya volkano yakianguka, kuku ndio ndege wa kwanza wa kuangaliwa. Wafungiwe ndani, chakula na maji vifunikwe, vyombo vioshwe kila siku, na mtu asichanganye vumbi hilo na lile la jikoni akalimwaga kwenye viota. Anayesafisha paa au banda afunike pua na mdomo. Bakuli la maji safi uani huwasaidia na ndege wa porini, kwa kuwa mashimo ya maji huchafuka kabla ya mito.

Muhtasari

Majivu ya volkano ni hatari kwa ndege hizi na kwa ndege hawa, kwa njia mbili tofauti. Ndege ya chuma hudhurika angani, kwa joto la injini yake yenyewe. Ndege hai aliye karibu na mlima hufa kwa kuzikwa na kukosa pumzi. Aliye mbali hupigwa na njaa, wadudu wake wanapokufa. Hoja ya kwanza ina haki miguuni mwa mlima. Ya pili ina haki kwa mwenye pa kukimbilia. Ya tatu ina haki kwa anayehesabu karne, na ya nne ina haki kuhusu aliyeleta hasara iliyopo.

Tukiziunganisha, zinatoa jibu moja kwa Voi na Taita Taveta. Upepo unatukinga kwa kiasi, umbali unatukinga kwa kiasi, na ndege wenyewe wameonyesha kwa maelfu ya miaka kwamba wanaweza kuvumilia. Kinga iliyopungua ni msitu. Hatuna uwezo wa kumwamuru Lengai au Chyulu lini alale na lini aamke. Tuna uwezo juu ya nafasi iliyopo kati ya Ngangao na kilima kinachofuata, na huko ndiko kutakakoamuliwa kama siku vumbi litakapoanguka, ndege wa Taita watakuwa na tawi jingine la kutua.